Maumivu yanayorudi siku ya tatu baada ya kung'oa jino

Jino likishatoka, shimo hujaa damu, na damu hiyo ikiganda ndiyo inayofunika mfupa wa taya. Ikibanduka, maumivu yaliyokuwa yakipungua hurudi kwa nguvu kati ya siku ya pili na ya nne. Hupanda hadi sikioni, mdomo hunuka, na kwenye kioo unaona shimo tupu. Magego ya chini ndiyo huongoza, hasa la mwisho, na wavuta sigara huathirika zaidi.

Wengi hapa Dar hukimbilia duka la dawa kununua amoksilini. Fedha hiyo inapotea bure, kwa sababu kinachouma ni mfupa ulio wazi. Rudi kwa daktari wa meno aoshe shimo na kuliwekea dawa, mara nyingi yenye mafuta ya karafuu. Usijidondoshee mafuta hayo mwenyewe nyumbani, huunguza fizi.

Kinga yake ni saa 24 za kwanza. Ng'ata pamba uliyopewa kwa dakika 30 bila kuitoa ili kuchungulia. Usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, na juisi ya miwa au dafu usinywe kwa mrija, maana kule kunyonya ndiko kunakong'oa damu iliyoganda. Uji uwe wa vuguvugu. Sigara na shisha usiguse, siku tatu kwa uchache. Hapa hakuna kubembelezana. Kesho yake anza kusukutua taratibu kila baada ya kula: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Aspirini huzidisha damu.

Mate yenye wekundu siku ya kwanza ni kawaida. Damu ikichuruzika, keti wima, ng'ata kitambaa safi kilicholowa kwa nusu saa nyingine. Isipokoma, rudi ulikong'olewa, na useme kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, homa au usaha ni maambukizi. Muone daktari siku hiyo hiyo. Ukishindwa kumeza mate, ulimi ukiinuka au pumzi ikibana, nenda idara ya dharura, Muhimbili au hospitali yoyote kubwa iliyo karibu, hata kama ni usiku wa manane. Uvimbe wa chini ya ulimi unaweza kuziba njia ya hewa kabla hakujakucha.

Na kama uling'oa gego la juu kisha maji unayokunywa yanatokea puani, usipenge kamasi. Rudi kwa daktari azibe tundu lililofunguka kuelekea puani.