Kabla hujataja bei ya kukarabati jengo la mawe la zamani, panda juu kwanza

Hapa Nairobi watu wengi wakiitwa kupiga bei ya ukarabati wa mawe wanasimama barabarani, wanapima urefu na upana wa ukuta, wanazidisha na bei ya skwea mita, na jioni hiyohiyo kwotesheni ishatumwa. Kwa nyumba mpya sawa. Lakini kwa majengo ya kitambo, kama Kipande House ama ile ofisi ya zamani ya PC (mkuu wa mkoa) ambayo siku hizi ni Nairobi Gallery, yote mawili ya 1913, hiyo hesabu haifai kabisa, manake pesa ikiisha kazi ikiwa katikati ndio watu wanaanza kujaza simiti kila mahali na jengo ndilo linaumia.

Ushauri wangu, baada ya kutengeneza BQ (orodha za vipimo na bei za kazi) za kuta kama hizi: mwombe mwenye jengo alipie skafoldi ya siku chache kabla hujataja bei yoyote. Panda na nyundo ndogo, gonga jiwe moja moja. Jiwe zima mlio wake ni mkali, lile limeachana ndani linatoa mlio mzito kama unagonga mlango wa mbao. Weka alama ya chaki, piga picha, andika: hili ni la kutoa lote, hili ni la kukata inchi nne na kupachika kipande, hili liache hivyo hivyo. Usihesabu kwa skwea mita hapa, hesabu kwa jiwe.

Jointi nazo, yaani zile nafasi za kati ya mawe zinazojazwa, pima kwa mita za urefu, na hapa ndio watu wengi hushtuka. Ukuta wenye kozi (safu za mawe) za inchi 9 na mawe ya urefu wa inchi 18 uko na karibu mita 6.5 za jointi kwa kila skwea mita moja, kozi zikiwa za inchi 6 inakaribia mita 9. Kwa hivyo ukuta mdogo tu wa skwea mita 100 ni zaidi ya mita 650 za kukwangua na kujaza upya, na kama kuna mtu alishapitisha simiti hapo miaka ya nyuma, hiyo yote inatolewa kwa tindo na mkono. Grainda itakula kingo za mawe na hizo kingo hazirudi. Fundi mmoja mzuri sana tuliyekuwa naye aliniambia, "Bosi, simiti ni ngumu kushinda jiwe lenyewe, ukiharakisha unatoa jiwe unaacha simiti." Na ni kweli, mawe yetu mengi ya Nairobi ni ya volkano, ni laini na yanapitisha maji, sasa ukiziba jointi na simiti maji yanatokea kwenye jiwe lenyewe, chumvi inakauka mle ndani na uso unabambuka vipande vipande. Ndio maana unatoa simiti na kurudisha chokaa kwenye jointi, inayoachia maji yapite.

Chokaa inataka muda. Inafunikwa na magunia yenye maji, haitaki jua kali wala mvua, kwa hivyo ukipanga kazi ya Aprili hapa jijini jua siku nyingi zitapotea na skafoldi inaendelea kulipiwa kila wiki. Hiyo kodi ya skafoldi iweke mstari wake peke yake.

Mawe mapya usichukue tu lori la mawe ya machimbo ya Ndarugo kwa sababu bei ni poa, peleka kipande cha jiwe la zamani kwa machimbo ulinganishe rangi na ugumu, halafu ongeza bei ya kuchonga kwa mkono. Kama jengo limetangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa la urithi, kibali cha Makumbusho ya Taifa lazima, kwa ile sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Tena kumbuka VAT ya asilimia 16.

Pesa ya dharura mimi naweka asilimia 20, sikubali 10, kwa sababu nyuma ya jiwe hujui kuna nini mpaka ulitoe.

Na kama mwenye jengo hana hizo pesa zote, tafadhali usipunguze chokaa ili bei ishuke. Mwambie aanze na gata na mabati, maji yaache kuteremka ukutani, afanye upande mmoja vizuri, zile pande zingine zingoje bajeti ya mwaka ujao.