Upepo ukikufa karibu na Moroni: jibu kwa kijana wa Lindi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Lindi, baharia kwenye chombo kinachopeleka saruji Moroni, mji mkuu wa Comoro, alinitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo kaka. Hivi kwa nini wakati wa kusi tukikaribia Moroni upepo unakufa kabisa, halafu tukienda kuelekea ncha ya kisiwa unatupiga mpaka turubai linataka kuchanika? Nahodha anasema ndivyo bahari ya kule ilivyo."

Nilimjibu, lakini jibu likawa refu. Na nawajua mnaosoma hapa: hakuna anayetaka kuzeeka akibeba mifuko, kila mmoja anataka ashike usukani na cheti kiwe mfukoni. Kwa hiyo nalileta kwenu wote.

Mimi nilianza kwenye kazi hiyo hiyo, kutoka bandari ya Mtwara, na kila nilipouliza swali la namna hii niliambiwa baharia haulizi, baharia anatii. Ramani za upepo zilipoanza kupatikana kwenye simu, zile za mishale na rangi, nikawa nazikodolea macho usiku mke wangu akilalamikia mwanga. Kusi inapovuma, nyuma ya Ngazidja, kisiwa chenye Moroni, unaona doa la rangi hafifu, na pembeni mwake michirizi miwili ya rangi kali. Siku zinapita, chombo kinakwenda na kurudi, doa bado lipo. Kitu pekee pale kisichohama ni mlima.

Mlima huo ni Karthala, una mita 2,361. Upepo wa baharini unaokuja na nguvu zake ukikutana na kitu kama hicho, sehemu kubwa haipandi juu. Inagawanyika, inazunguka kisiwa kushoto na kulia, na pale kwenye ncha inabanwa na kuongeza kasi. Nyuma ya mlima panabaki kivuli cha upepo. Moroni iko pwani ya magharibi, na kusi kule inatoka kusini mashariki, kwa hiyo ikivuma mji uko demani, yaani upande uliokingwa na upepo. Ndiyo maana unaingia shwari, na ndiyo maana ukitoka kwenye kivuli unapigwa ghafla. Mafia au Unguja hutaliona jambo hili kwa kiasi hicho, kwa sababu ni tambarare. Madagaska, yenye kilele cha Maromokotro cha mita 2,876, inafanya yale yale kwa ukubwa wake: kwenye ncha ya kaskazini kusi inavuma kwa kishindo, upande wa Mahajanga, pwani ya kaskazini magharibi, pametulia.

Sasa kuna jambo lililonichoma. Kwenye semina moja hapa Mtwara nilisimama nikasema kisiwa chenye milima kinabadilisha mpaka joto la maji upande wa demani. Mtaalamu mmoja, simtaji wala sitaji ofisi yake, akanikatiza: "Mzee wa saruji, tuachie sayansi." Ukumbi ukacheka. Nilikaa chini. Mpaka leo nikipita mbele ya jengo lile naangalia upande mwingine.

Lakini joto la maji si siri. Chai ukiipuliza inapoa, ukiacha kuipuliza inakaa na moto wake. Bahari nayo, upepo ukitulia, mvuke unaoondoka na joto unapungua, maji ya juu hayachanganyiki sana na maji baridi ya chini, na mara nyingi mawingu yanatawanyika nyuma ya mlima, jua likapiga moja kwa moja. Maji yanapata joto.

Na ushahidi mkubwa uko Hawaii. Mlima Mauna Kea una mita 4,207, Mauna Loa 4,169, na pepo za kule zinavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Mwaka 2001 mwanasayansi Shang-Ping Xie na wenzake walitumia vipimo vya setilaiti wakaonyesha kwamba kivuli cha visiwa vile kinakwenda magharibi kilomita 3,000. Vivuli vya visiwa vingi huisha ndani ya kilomita 300! Kisa ni kwamba upepo uliovurugwa unausukuma mkondo wa bahari uende mashariki, kinyume na upepo wenyewe, nao unavuta maji ya joto kutoka upande wa Asia, umbali wa kilomita 8,000. Maji hayo ya joto yanaugusa tena upepo, na mambo yanaendelea kushikana hivyo. Kisiwa kimebadilisha bahari. Nani mzee wa saruji sasa?

Sisemi kivuli cha Ngazidja kinafika Msimbati, pwani yetu ya Mtwara. Kutoka kule hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 300, na kusi ya kwetu haina utulivu wa pepo za Hawaii. Ila anayevuka anapita ndani yake, na huyo ndiye ninayemwandikia.

Mwezi uliopita niliitwa Lindi kuzungumza na wavuvi kuhusu haya haya. Walinipigia makofi, na mstari wa mbele alikuwapo mmoja wa waliocheka siku ile. Nilimwona akiandika.

Vijana, someni. Mnashinda mkitazama video za mpira, na ramani ya upepo iko kwenye simu hiyo hiyo. Kabla ya kung'oa nanga uliza upepo unatoka wapi, na njiani umekutana na mlima gani, mrefu kiasi gani. Punguza tanga ukiwa bado shwarini, kabla hujatokeza kwenye ncha ya kisiwa. Tia mkono majini, angalia ramani ya joto la bahari, andika kwenye daftari. Nimesema andika, usiseme utakumbuka.

Na wewe wa Lindi, jambo moja sikulimaliza kwenye simu. Msimu wa kaskazi ukiingia, Comoro inapata upepo kutoka kaskazini na kaskazini magharibi, na Moroni inakuwa joshini, yaani upande unaopigwa na upepo. Usitie nanga kwa kukariri ulivyoizoea Julai. Nahodha wako akikwambia pale ni shwari siku zote, mwonyeshe ramani, kwa adabu, wasiwepo mabaharia wengine.