Pedali Ngumu Baada ya Kuweka Injini ya Dizeli: Masta Silinda Haina Kosa

SWALI: Hujambo fundi. Nina Hilux iliyokuwa na injini ya petroli, 22R. Nimewekewa ya dizeli, 3L, hapa Molo, na inavuta vizuri. Shida ni breki: pedali imekuwa ngumu mpaka nikanyage kwa nguvu zote. Paipu ya sevo, kile kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki, imechomekwa kwenye manifoldi (njia ya hewa ya kuingia kwenye injini) kama ilivyokuwa mwanzo. Breki zimetolewa hewa mara mbili, hakuna tofauti, na sasa naambiwa ninunue masta silinda kubwa zaidi, ile inayosukuma mafuta ya breki. Usukani pia ni mzito gari likiwa limesimama, na pampu inalia. Ni pampu ileile ya injini ya zamani. Ninunue hiyo masta silinda?

JIBU: Usinunue. Masta silinda kubwa zaidi itaifanya pedali iwe ngumu kuliko ilivyo sasa, na pesa zako zitakuwa zimeenda. Tena gari hilo lisiteremke kwenda Nakuru hadi umalize kurekebisha haya.

Kosa ni hiyo paipu kwenye manifoldi. Nashangaa bado linafanyika na watu wanaojiita mafundi wa dizeli, kwa sababu hili si jambo la siri. Injini ya petroli hudhibitiwa kwa kuzibiwa hewa. Ukiachilia mafuta, kibati cha kabureta hufunga njia, pistoni zinaendelea kuvuta, na mvuto huo ndio sevo inaoutumia kukusaidia kukanyaga. Dizeli hudhibitiwa kwa kiasi cha mafuta kinachotoka kwenye nozeli, na njia yake ya hewa iko wazi karibu muda wote. Hakuna mvuto wa maana pale. Ziko dizeli zenye kibati kwenye njia ya hewa, na wengi wakikiona hudhani wamepata vakyumu, yaani huo mvuto. Kibati hicho hakikuwekwa kwa ajili ya breki. Injini ikiwa na turbo ndiyo mbaya zaidi, maana manifoldi inasukuma hewa badala ya kuivuta.

Kwa hiyo dizeli hupewa pampu yake ya vakyumu. Kwenye 3L imefungwa nyuma ya alternata, shafti moja inazungusha vyote viwili. Kagua gari lako: nadhani umewekewa alternata ya petroli, au ya dizeli ambayo pampu yake haikuunganishwa. Tafuta alternata ya 3L yenye pampu, na uhakikishe ni ya volti 12, kwa sababu za volti 24 ziko nyingi sokoni.

Pampu hiyo inahitaji oili ya injini. Kuna paipu nyembamba inayoleta oili kwa presha, ikifungwa kwa bolti yenye tundu na washa mbili za shaba, moja kila upande. Weka washa mpya. Kuna paipu nyingine nene ya kurudisha oili kwenye injini. Hiyo lazima iteremke moja kwa moja bila kukunjwa wala kuwa na bonde, la sivyo oili itajaa ndani ya pampu. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, tia kijiko cha oili kwenye tundu la kuingizia na uzungushe pampu kwa mkono. Ikizunguka kavu, vibati vyake vya ndani vinaliwa.

Paipu ya kwenda kwenye sevo iwe ya vakyumu, yenye nyuzi ndani. Paipu ya maji au ya mafuta hulainika kwa joto, ikajibana yenyewe, na pedali ikawa ngumu tena baada ya safari ndefu kidogo. Valvu ya njia moja iruhusu hewa kutoka kwenye sevo kwenda kwenye pampu. Ipulize kwa mdomo kabla ya kuifunga. Chomoa pia paipu upande wa sevo: ukikuta oili ndani, valvu imekufa, na mpira wa sevo uko hatarini.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Lazima izame kidogo chini ya mguu wako. Isipozama, hakuna vakyumu inayofika. Halafu acha injini ingurume dakika moja au mbili, zima, kanyaga taratibu mara tatu. Ya kwanza iende chini, ya pili na ya tatu zipande. Zote zikiwa sawa na ngumu, kuna mahali panapovuja.

Ukitumia geji, kumbuka uko wapi. Vitabu hutaja inchi 26 au 27 za zebaki, lakini hizo ni za usawa wa bahari. Nakuru iko kama mita 1,850 juu, na presha yote ya hewa iliyopo ni kama inchi 24. Kwa hiyo pampu inayosoma 20 au zaidi Nakuru ni nzima, na nyingi zimetupwa bure kwa kutojua hili. Huko Molo hewa ni nyepesi zaidi, na sevo yenyewe inakusaidia kidogo kuliko ingekusaidia Kisumu. Ndiyo maana pampu iliyochoka inaweza kupita Kisumu ikakuangusha Mau Summit.

Usukani. Tumia pampu iliyokuja na 3L, na bracketi na puli zake, ili mkanda ukae mstari mmoja. Ya petroli ikiwa ya Toyota mara nyingi huwa na vijipaipu viwili vyembamba vya kupandisha mwendo wa injini unapokata kona, ambavyo dizeli yako haina kazi navyo. Paipu ya presha ndiyo itakusumbua, kwa sababu ncha hazitalingana. Usikubali ichomelewe wala ifungwe kwa klipu. Pampu hutoa presha ya psi 1,000 na zaidi. Peleka ncha zote mbili kwa watengenezaji wa paipu za haidroliki, wakubanie kwa mashine paipu ya psi 2,500 au zaidi, na ipite mbali na ekzosi, kwa sababu ATF, yaani mafuta ya usukani, ikidondoka kwenye chuma cha moto huwaka.

Mlio huo mara nyingi ni hewa. Inua magurudumu ya mbele, injini ikiwa imezimwa, jaza ATF, zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara kumi hivi huku ukiongeza. Ndipo uwashe. Na ATF isiingie kamwe kwenye chupa ya mafuta ya breki, maana mipira yote itavimba, kuanzia masta silinda hadi kwenye magurudumu.

Sasa kwa kila anayepanga kubadilisha injini: usimlipe fundi anayekwambia pedali ngumu utaizoea, au anayefunga kwa waya ile valvu ya uzito juu ya ekseli ya nyuma, inayopima nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo, ili "breki zishike." Muulize kabla ya kuanza vakyumu itatoka wapi. Asipokuonyesha pampu kwa kidole, ondoa gari lako hapo.

Na wewe mwenye pampu nyuma ya alternata, taa ya betri si ya betri tu. Mkanda ukikatika, pampu imesimama pia, na sevo imebaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu. Ikiwaka ukiteremka Sachangwan kuelekea Salgaa, rudi gia ya chini mara moja, usiweke gari fri, usipige-pige breki. Kanyaga mara moja, shikilia, toka barabarani.