Baharia wa Chile na Nishani ya Marekani

SWALI: Ndugu Mhariri, je, ni kweli kwamba mzaliwa wa Chile alitunukiwa nishani ya juu ya ushujaa (Medal of Honor) katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani?

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Huyo ni Philip Bazaar, baharia wa kawaida wa meli ya Santiago de Cuba katika jeshi la majini la Muungano, yaani upande wa Kaskazini uliopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Tarehe 15 Januari 1865, Muungano uliposhambulia Fort Fisher, ngome iliyolinda njia ya kuingia Wilmington, North Carolina, bandari kubwa ya mwisho ambayo Kusini iliitegemea kupokea shehena kutoka ng'ambo, yeye alikuwa katika kikosi cha mashua kilichomtumikia jenerali mmoja nchi kavu. Aliingia ngomeni na wenzake, wakapeleka ujumbe huku vita vikiwa vimepamba moto. Kati ya watu wa kundi zima la meli za Muungano, ni 6 tu waliofika ndani. Binafsi naiheshimu mno kazi hiyo, kwani mpeleka ujumbe hana nafasi ya kujificha. Nishani yenyewe, nyota ya shaba yenye ncha tano inayoning'inia kwenye nanga, iliidhinishwa Desemba 1861 kwa ajili ya mabaharia wa kawaida, na maofisa wao hawakuruhusiwa kuipata hadi 1915. Uraia haukuwa sharti.