Baa za Celtic na Rangers: jibu kwa mnaokuja Glasgow na jezi ya Yanga kwenye begi

Kuna maneno yanazunguka huko nyumbani kwamba ukifika Glasgow, Scotland, vaa jezi ya kijani, ingia baa ya Celtic, timu ya kijani ya huku, wazungu watakununulia bia mpaka ukinai, na kabla hujamaliza glasi ya pili mwenye baa ameshakupa kazi ya keshi mkononi. Wengine wamenogesha: hata jezi ya Yanga inafaa, maana rangi ni ileile. Matokeo yake kila anayepata barua ya chuo anaulizia majina ya baa kabla hajaulizia chumba cha kupanga. Haya, wadogo zangu. Majina nitawapa. Ila na mengine mtayasikiliza.

Kwanza mjue mitaa. Upande wa Celtic ni Gallowgate, barabara inayoanzia Glasgow Cross kuelekea mashariki. Bairds Bar, Hoops Bar na Saracen Head ndiyo majina yanayotajwa kuliko yote, na yote yako jirani na ukumbi wa Barrowland. Upande wa Rangers, mahasimu wao wa bluu, ni Paisley Road West na mitaa inayouzunguka uwanja wa Ibrox: Grapes, District, na Louden Tavern. Panda treni ya chini ya ardhi, shuka Kinning Park au Ibrox. Baa hubadilisha mmiliki, hufungwa na kufunguliwa tena, kwa hiyo hakikisheni kabla ya kutoka nyumbani.

Sasa mtego. Msidhani mashariki yote ni kijani na kusini-magharibi yote ni bluu. Duke Street inakwenda karibu sambamba na Gallowgate, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu, na huko ndiko iliko Bristol Bar, pamoja na Louden Tavern nyingine. Zote mbili ni za Rangers. Ukishuka stesheni ya Bellgrove ukaelekea kusini, unaingia Gallowgate. Ukielekea kaskazini, unatokea Duke Street. Mgeni anayeshuka hapo na jezi ya kijani akakata kona kwa kubahatisha ndiye anayekuja kulalamika kwamba wazungu wa huku ni wabaguzi. Wabaguzi wapo, sikatai, ila hilo la jezi lina maelezo mengine.

Simu isiwadanganye pia. Mkitafuta "baa ya Kiayalandi" mtaletewa sehemu za watalii katikati ya jiji, zenye majani ya shamroki ukutani, ambazo hazina timu. Na baa nyingi za katikati ya jiji zimebandika mlangoni tangazo la kukataza rangi za mpira. Tangazo hilo halichagui. Skafu ya Celtic, skafu ya Rangers, zote nje. Horse Shoe, ile yenye kaunta ndefu mtaa wa Drury, ni pa kuingia mtu yeyote na shati lake la kazini.

Baa yenye msimamo huitambui kwa jina, unaitambua kwa macho kabla ya kusukuma mlango. Upande wa Celtic: bendera ya Ireland ya kijani, nyeupe na chungwa, picha za kikosi cha 1967 kilichochukua Kombe la Ulaya kule Lisbon, pengine picha ya James Connolly, mwanamapinduzi aliyezaliwa Edinburgh na kupigwa risasi na Waingereza Dublin mwaka 1916. Bendera ya Palestina nayo hukosi kuikuta. Mwaka 2016 mashabiki wa Celtic walipeperusha bendera hizo uwanjani kwenye mechi na timu ya Israel, UEFA ikaipiga klabu faini. Upande wa Rangers: bendera ya Uingereza, picha ya mfalme au ya marehemu malkia, mkono mwekundu wa Ulster, yaani alama ya Ireland ya Kaskazini, Mfalme William wa Waprotestanti juu ya farasi mweupe, na kikosi cha 1972 kilichoifunga Dynamo Moscow mjini Barcelona. Rangi ya chungwa ikiwa peke yake ni ya Rangers, si ya Celtic. Mzijue hizo, maana kwenye baa hizi siasa, dini na mpira vimelala kitanda kimoja: Celtic kwa jadi ni ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland, Rangers ni ya Waprotestanti wanaoshikamana na Uingereza. Rangers ilijulikana kwa kutosajili Wakatoliki mpaka ilipomchukua Mo Johnston mwaka 1989, na kuna watu bado wamenuna.

Turudi kwenye nguo. Jezi ya Yanga ni kijani. Ya Gor Mahia ni kijani. Fulana ya kampeni ya CCM uliyoifanya ya kulalia, kijani. Hakuna atakayesimama kukuuliza kama wewe ni Mwananchi wa Jangwani au Mjaluo wa Kisumu. Ndugu zetu wa AFC Leopards na Azam nao wajiangalie Gallowgate na bluu yao. Simba mna nafuu, nyekundu labda mtaulizwa kama mmetoka Aberdeen. Dawa ni rahisi: koti jeusi la kufunga zipu mpaka shingoni. Baridi yenyewe itakulazimisha ulivae miezi tisa.

Mlangoni hasa siku za mechi kuna mabaunsa. Wataomba kitambulisho, kwa sababu sheria ya Scotland inaitaka kila baa imhoji yeyote anayeonekana chini ya miaka 25, ingawa umri wa kunywa ni 18. Hapa ndipo wengi mnapojiumiza. Mnakwenda na pasipoti. Pasipoti ikidondoka chooni siku ya mechi, umejitafutia safari ya ubalozini London, picha mpya, ada mpya, na miezi ya kusubiri. Viza iliyo kwenye simu siyo kitambulisho cha baa. Fanyeni hivi: ukishapata makazi, omba leseni ya anayejifunza udereva ("provisional") kwenye tovuti ya DVLA, idara ya leseni za udereva. Kwa mtandao ni pauni 34, inakuja kadi yenye picha, na anayeruhusiwa kukaa Uingereza siku 185 au zaidi anastahili kuiomba hata kama hajawahi kugusa usukani. Pasipoti ibaki chumbani.

Ndani hakuna mhudumu wa kukufuata mezani. Unakwenda kaunta, unasubiri zamu. Usipige mluzi, usigonge pesa juu ya mbao, mhudumu anakumbuka nani alitangulia. Painti ni mililita 568, karibu mara moja na nusu ya bia ndogo mliyoizoea. Nusu painti inauzwa na hakuna anayekucheka. Usiyekunywa, agiza soda na maji ya ndimu. Mtu wa Unguja anaweza kukaa Gallowgate jioni nzima kwa soda bila kuulizwa dini yake.

Au niseme, ataulizwa kwa njia ya kuzunguka. Swali la huku ni "ulisoma shule gani?" Scotland ina shule za serikali za Kikatoliki na zisizo za Kikatoliki, kwa hiyo jina la shule linatoboa siri ya familia. Wewe Mwislamu wa Tanga uliyesomeshwa na masista ukijibu "Saint fulani", umeshabatizwa na kuvalishwa jezi. Jibu "nimesoma Tanzania", basi. Wakikubana unashabikia timu gani ya hapa, sema Partick Thistle, timu ndogo ya hapahapa jijini. Watacheka, watakuonea huruma, mazungumzo yataendelea.

Kwa Wakenya kuna ufunguo mmoja wa kweli Gallowgate, nao ni Victor Wanyama. Alivaa namba 67 Celtic, na tarehe 7 Novemba 2012 aliifunga Barcelona kwa kichwa, mechi ikaisha 2-1. Litaje jina hilo na wazee watakuelekeza mpira ulipotokea, kona ilipopigwa na walipokuwa wamekaa. Hapo pengine kweli utanunuliwa painti. Sasa tuzungumzie painti hiyo.

Painti ya kununuliwa siyo zawadi, ni deni. Watu wanakunywa kwa raundi: leo mko watano, kila mmoja kwa zamu yake anawanunulia wote. Ukipokea ya kwanza umeshaingia kwenye mzunguko. Painti moja ni kama pauni 5, zaidi ya shilingi 15,000 za Tanzania. Raundi yako ya watu watano ni pauni 25. Kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 au zaidi kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, kwa hiyo umekunywa saa mbili za kubeba boksi kabla ya makato, na bado nauli ya kurudi. Hiyo ndiyo pesa mama anayoisubiri mwisho wa mwezi, na wewe utamwambia mtandao unasumbua. Ukiondoka kabla zamu yako haijafika, watalikumbuka jina lako kuliko la Wanyama. Kwa hiyo kabla ya glasi ya kwanza, siyo baada yake, sema kwa tabasamu kwamba leo unajinunulia mwenyewe. Wanaelewa kabisa, kila kijiwe kina mtu wa namna hiyo.

Na kazi? Jamani. Mwenye baa akikuajiri bila ruhusa anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 45,000 kwa kichwa chako, hiyo ni mara ya kwanza, na hadi 60,000 akirudia. Hivyo ndivyo viwango tangu Februari 2024. Nani ajitie kitanzi hicho kwa sababu umevaa kijani? Ajira halali inakwenda hivi: unaingia tovuti ya serikali, unatoa msimbo wa kuthibitisha haki ya kufanya kazi, unadumu siku 90, mwajiri anauhakiki, unaanza. Mwanafunzi wa shahada mwisho wako ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na zinajumlishwa kwa kazi zote, siyo 20 hapa na 20 pale. Anayekwambia "zingine tutalipana keshi" hakupendi. Kufanya kazi usiyoruhusiwa ni kosa la jinai, na hata mshahara unaweza kutaifishwa. Kazi za baa zipo, zinatangazwa kama kazi nyingine yoyote, na ombeni katikati ya jiji. Mgeni asiyejua ni wimbo gani unaanzisha ngumi hafai kuwa nyuma ya kaunta ya Gallowgate wala Ibrox.

Nyimbo ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko bia. Glasi ya tatu, baa nzima inaimba, tuni tamu, na wewe umezaliwa kwenye vigelegele, unaitikia. Hujui kama maneno yanamsifu mfungaji au yanatukana dini ya jirani. Scotland inahesabu chuki ya kidini kama jambo linaloongeza uzito wa kosa, na simu zinarekodi. Fomu za viza za Uingereza zinauliza habari za hatia na adhabu ulizowahi kupata, na sanduku la "niliimba nisichokielewa" halimo. Mwenyeji akikamatwa analala rumande akarudi kwake. Wewe barua inakwenda chuoni na Home Office, wizara inayoshughulikia viza. Piga makofi, tikisa kichwa, funga mdomo. Na usitoke na glasi barabarani kuvuta sigara: ndani ya baa kuvuta kulipigwa marufuku Scotland tangu 2006, na kunywa hadharani mtaani ni kosa ndani ya Glasgow.

Siku ya dabi yao msiende kabisa. Pombe haiuzwi kwa shabiki wa kawaida kwenye viwanja vyao tangu vurugu za fainali ya Kombe la Scotland ya 1980, mashabiki wa Celtic na Rangers walipopigana katikati ya uwanja wa Hampden. Kwa hiyo kila mtu anamaliza kiu yake baa kabla ya mechi. Polisi hupendelea mechi ianze saa sita au saa sita na nusu mchana, ndiyo maana asubuhi mtu ameshakolea. Baa zinajaza kwa sura zinazozifahamu, na mgeni anaachwa kwenye mvua. Jumamosi za mwanzoni mwa Julai kunapokuwa na maandamano ya Orange, chama cha Waprotestanti, tazameni njia watakazopita kabla hamjatoka.

Najua mtanijibu kwamba nyumbani tawi la Simba au Yanga linazika, linachangia harusi na kumtafutia kijana kibarua. Tawi lina mwenyekiti na ada, baa ina mwenye mali. Kinachokaribia tawi huku ni vile vikundi vya mashabiki vinavyokodi basi la kwenda mechi za ugenini. Vingi vinakutania baa fulani, vina daftari la wanachama na kiti kinalipiwa mapema. Ndani ya basi pombe marufuku. Mkitaka kuzoeana na watu, jiungeni huko, na mtapata marafiki wa kweli, wa kukusaidia kuhamisha godoro.

Nimesema msiende siku ya dabi, ila wanaosema mtu mweusi asikanyage kabisa baa hizo nao wanatia chumvi. Nendeni Jumanne au Jumatano jioni isiyo na mechi, wawili au watatu, koti limefungwa. Kaeni karibu na mwisho wa kaunta, mwacheni mzee aanze yeye. Mkiona joto linapanda, Partick Thistle wapo Firhill, kaskazini ya jiji, nyekundu na njano, na huko hata jezi ya Yanga haimnyimi mtu usingizi.