Upepo, mawimbi na radi Ziwa Victoria: maswali yenu na majibu

Utabiri ulisema "upepo noti 15 kutoka kusini-magharibi, mawimbi mita 0.8". Kwangu mimi mwenye mtumbwi maana yake nini? (Dunga, Kisumu)

Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852. Noti 15 ni karibu kilomita 28 kwa saa. Upande unaotajwa ni unakotoka upepo, si unakokwenda. Upepo wa kusini-magharibi hukufikia Dunga ukiwa umeshatambaa juu ya Ghuba ya Winam kwa safari ndefu, ndiyo maana huja na mawimbi yake.

Kwenye mawimbi ndipo wengi wanapokosea. Mita 0.8 si wimbi kubwa kuliko yote, ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi yaliyo marefu zaidi. Ukishinda majini, tarajia kukutana na moja linalokaribia mara mbili ya hapo, kama mita 1.6. Mtumbwi uliopakiwa hadi ukingo ukabaki sentimita 30 juu ya maji hauliwezi wimbi hilo. Punguza mzigo ukiwa bado ufuoni, tafadhali.

Nimeendesha boti Mombasa miaka mingi. Mbona wimbi la mita moja hapa linasumbua kuliko la kule? (Homa Bay)

Kwa sababu ni wimbi la aina nyingine. Mengi ya Bahari ya Hindi hutoka mbali, mengine huzaliwa na dhoruba za kusini kabisa mwa bahari hiyo. Hufika yametulia, yakifuatana kwa sekunde 8 hadi 14, na boti hupanda na kushuka taratibu. Ya hapa huzaliwa na upepo wa papo hapo, hufuatana kwa sekunde 3 au 4, na maji ya ghuba ni ya kina kifupi. Wimbi linakuwa na mgongo mkali, na boti haijamaliza kushuka la kwanza, la pili limeshapiga. Usiliendee moja kwa moja kwa kasi, wala usilipe ubavu. Pinda kidogo, punguza injini ibaki na nguvu ya kushika usukani tu, watu wakae chini, mzigo uwe katikati.

Programu ya simu ilionyesha jua na noti 6. Saa kumi na moja jioni tukapigwa na dhoruba. Inadanganya? (Kendu Bay)

Haidanganyi, haioni. Programu nyingi za bure hutumia mifumo ya utabiri ya dunia nzima inayoukata uso wa dunia katika miraba. Mfumo wa GFS wa Marekani, unaotumika sana, data yake hutolewa kwa kawaida kwa miraba ya karibu kilomita 28 kila upande. Upana wa Ghuba ya Winam unaingia kwenye mraba mmoja hivi, kwa hiyo wingu la radi la kilomita 10 halionekani humo. Unachosoma ni upepo wa wastani.

Kilichowapata kilianzia milimani. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kupanda kuelekea Nandi na Kericho. Hewa hiyo yenye unyevu ikipanda hujenga mawingu ya radi alasiri. Pepo za juu zitokazo mashariki huyarudisha magharibi, na yanapofika ghuba huwa ni jioni. Mvua inayoshuka hupoza hewa, na hewa baridi ni nzito: huporomoka na kusambaa juu ya maji ikiitangulia mvua yenyewe. Ndiyo maana kipigo cha kwanza ni upepo, na anayengoja tone la mvua ndipo ageuze huwa amechelewa.

Tazameni mashariki kuanzia saa nane mchana. Upepo wa ziwani ukikatika ghafla, na wingu jeusi la chini likajikunja kama mkeka upande wa milima, geuzeni. Ukishahisi baridi usoni, zimebaki dakika chache tu. Radi nayo ina hesabu yake: toka mwanga hadi ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Sekunde 30 ni kilomita 10, na boti ya noti 8 huhitaji dakika 40 kuzimaliza. Dhoruba haihitaji nyingi hivyo. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe kabla ya kutoka, maana lililofungwa chini ya nyavu halimsaidii mtu. Injini ikizima, funga ndoo kwa kamba ndefu mbele ya boti uiachie majini. Itavuta, nayo boti itaukabili upepo badala ya kuupa ubavu, na nyinyi mpate nafasi ya kuchota maji.

Kwa upangaji wa siku, fuateni utabiri wa ziwa wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Someni kanda yenu na saa zenu, si mstari wa kwanza peke yake.

Mbona upande wa kisiwa cha Remba dhoruba huja usiku wa manane? (Usenge)

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa linabaki na joto lake, na upepo hutoka ufuoni kwenda majini. Watu wa pwani huuita umande. Pepo hizo kutoka pande zote za ziwa hukutana katikati, hewa yenye joto na unyevu haina pa kwenda ila juu, na radi hukomaa hadi alfajiri. Anga safi saa mbili usiku haithibitishi lolote kuhusu saa tisa.

Nauza omena Nakuru. Kuna wiki mzigo haufiki kabisa. Ni upepo? (Nakuru)

Wakati mwingine. Mara nyingi zaidi ni mbalamwezi: omena huvuliwa kwa taa, na mwezi mpevu huushinda mwanga wa taa. Weka akiba kabla ya mwezi kujaa.

Kimbunga kama Hidaya cha Mei 2024 kinaweza kufika ziwani? (Kisumu)

Hapana. Kimbunga huhitaji bahari pana yenye joto na mzunguko wa dunia wa kukizungusha, na nguvu hiyo ni hafifu mno karibu na ikweta, linapokaa ziwa letu. Hidaya yenyewe ilidhoofika ilipofika pwani ya Tanzania. Lakini vimbunga vya mbali hutugusa, kutegemea vilipo. Machi 2018 Dumazile na Eliakim walikuwa karibu na Madagaska, na Kenya ikapata mvua nyingi. Machi 2019 Idai alikuwa Msumbiji, na mvua zetu zikachelewa.

Ramani moja ya upepo imeandikwa 1200Z. Ni saa ngapi? (Mbita)

Z ni saa ya dunia. Ongeza tatu: 1200Z ni saa tisa alasiri kwetu, na 0000Z ni saa tisa usiku.