Wamejuaje?

Marahaba mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimeshafunga kibanda na miwani nimeipata. Unasema mtu alikupigia saa tatu usiku, ana sauti ya kistaarabu, akakutajia majina yako yote matatu, tarehe yako ya kuzaliwa na tarakimu nne za mwisho za namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Akadai laini yako imesajiliwa vibaya na itafungwa usiku huohuo, ila ukimsomea namba zitakazoingia kwa meseji atakunusuru. Ukakata simu. Tangu hapo hulali vizuri, na unaniuliza jambo moja tu: "Mama, wamejuaje?"

Nitakujibu kama wakala wa pesa za simu. Nikikujibu kama mama nitakwambia urudi nyumbani.

Jina lako hakuliiba. Mtu yeyote akiandika namba yako kwenye menyu kana kwamba anakurushia hela, jina linamtokea kabla hajathibitisha. Analisoma, anafuta, anakwenda zake bila kukatwa hata senti. Liliwekwa hivyo ili watu wasikosee kutuma, na mimi hapa dirishani linanisaidia kila siku. Tarehe ya kuzaliwa nayo haihitaji upelelezi. Toa kitambulisho chako uangalie: namba ina tarakimu 20, na zile 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo cha kujiuliza ni namba yenyewe kaiona wapi.

Hapo wewe una majibu mengi kuliko mimi. Ulipohamia Dodoma ulitoa kopi kwa dalali, kwa mwenye nyumba, kazini, na ukanisimulia kuhusu kijana wa steshenari ambaye kopi ya kwanza ilimtoka na mstari mweusi akaitupa chini ya meza. Mimi hiyo ya chini ya meza ndiyo inanisumbua. Niliwahi kununua maandazi hapa stendi ya Msamvu, nikafungiwa kwenye kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu, mhuri na kila kitu, mafuta yamelowesha mpaka jina la baba yake. Maandazi nilikula, karatasi nikaichoma.

Lakini nisiwasingizie wauza maandazi. Kuna jambo sijawahi kukwambia.

Unalijua daftari langu, lile kubwa lenye jalada jekundu. Tarehe, jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Miaka yote lilikaa wazi pale dirishani, kalamu imefungwa kwa uzi, mteja anajiandikia mwenyewe. Nilijiona mtu wa utaratibu. Mwaka juzi, kipindi cha mvua, kuna kijana alikuja siku tatu mfululizo kununua vocha ya mia tano. Mia tano tu, na kila mara anasimama pale muda mrefu, simu mkononi, kama anasubiri mtandao. Nilimwonea huruma.

Siku ya tatu yule mzee wa mkaa aliweka elfu themanini, akaandika, akaondoka. Hakupita nusu saa akapigiwa. "Mzee, umetoka kuweka elfu themanini kwa wakala hapo stendi, saa nne na dakika kumi. Muamala wako umeingia na hitilafu, tusipourekebisha sasa hivi unarudi." Nani asingeamini? Kiasi ni chenyewe, saa ni yenyewe. Akaambiwa aazime simu ya jirani waongee kwa hiyo, ya kwake aishike mkononi. Akaongozwa kwenye menyu, bonyeza hii, sasa bonyeza hii, "hapo andika namba ya ofisi yetu." Akaandika. Kisha: "Weka kodi ya marekebisho. Saba, nane, tano, sifuri, sifuri." Mzee akaweka moja moja, anairudia kwa sauti, na jirani anamsaidia kuhesabu sifuri. Mwisho akaambiwa athibitishe kwa namba yake ya siri, wala asiitaje kwa mtu yeyote, hata kwao, maana ni siri yake. Hapo ndipo walipommaliza.

Ile haikuwa kodi. Ni shilingi 78,500, na "namba ya ofisi" ilikuwa namba ya wakala mwingine huko aliko tapeli. Mzee alitoa hela yake kwa mkono wake, hatua kwa hatua, na namba yake ya siri hakumtajia mtu.

Alirudi kwangu jioni kuniuliza kama hitilafu imekwisha.

Kwamba ni yule kijana wa vocha sina ushahidi mpaka leo, na daftari langu halikuwa peke yake stendi nzima. Ila mimi najua lilikuwa wazi ukurasa gani. Nilimpa mzee elfu arobaini. Hakuuliza ni za nini, na mimi sikusema. Kesho yake nilichukua kadibodi ya boksi la sabuni, nikatoboa dirisha la mstari mmoja, na hadi leo mteja anajiandikia kupitia pale bila kuona aliyemtangulia. Wengine hunicheka. Likimalizika daftari, linaingia kabatini kwangu, haliendi kufungia karanga.

Sasa rudi kwa mtu wako wa juzi. Alijua jina, tarehe, mpaka NIDA. Alichokosa ni kile alichokuomba, na ndiyo sababu alipiga. Mtu wa kampuni anayeweza kufunga laini yako hana haja ya kusomewa chochote na wewe. Na kampuni ikikutafuta, simu itaingia kwa namba 100, haiingii kwa namba ya kawaida yenye tarakimu kumi. Ukiona ya kawaida, hata akiwa na sauti ya mtangazaji wa redio, kata.

Ulisema meseji ya tarakimu sita iliingia kweli, nawe hukuisoma yote. Ifungue. Nina hakika haihusu laini kabisa, ni ya WhatsApp. Mtu amejaribu kuingia kwenye akaunti yako akiwa na simu yake, na mlango unafunguliwa kwa zile tarakimu sita. Ndivyo alivyopigwa mama yako mdogo. Alizisoma kwa mtu aliyejiita mratibu wa semina ya kanisani, na baada ya dakika chache "yeye" akawa kwenye grupu la ukoo anaomba laki mbili, yuko hospitali. Mjomba wako alituma laki na nusu kabla hajapiga simu kuuliza hali. Wala hakuwa mjinga, alikuwa na haraka ya kusaidia, na hiyo haraka ndiyo matapeli wanayoivizia. Kwa hiyo leo, kabla hujalala, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, upande wa akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba yako nyingine ya siri. Halafu tazama vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoijua, itoe. Kuna wanaoombwa wapige *21* halafu namba fulani na alama ya reli, eti kuhakiki laini. Hiyo inahamishia simu zako zote kwa mtu mwingine, hata ile ya WhatsApp inayokutajia tarakimu sita kwa sauti. Kama umewahi kuombwa hivyo ukafanya, piga ##21# uifute.

Kisha piga *106#. Itakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Unakumbuka Januari 2020, laini zilipokuwa zinafungwa, tulivyosajili kwa vidole kwa vijana wa miamvuli? Wengi walikuwa waaminifu. Wachache walikuwa wanakwambia "haijasoma, weka tena kidole," na kidole cha pili kilikuwa cha laini nyingine. Nilikuta moja kwenye jina langu mwaka uliofuata. Sikuwahi kuishika mkononi, na siku inatumika kwa uhalifu, polisi wangeanza na mimi. Nilikwenda dukani kwa mtandao husika na kitambulisho wakaifuta, ila nilipoteza asubuhi nzima.

Namba iliyokupigia iripoti kwa meseji kwenda 15040, ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Hata kama hutajibiwa chochote cha maana, ripoti. Na ule mchezo wa meseji za "ile hela nitumie kwenye namba hii" naona umeshauzoea, ila tarehe za kodi ya nyumba uwe macho. Hawajui kama unadaiwa. Wanatuma kwa maelfu, na mmoja kati yao asubuhi hiyo ameamka akiwaza kumlipa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akibadilisha namba, mpigie kwenye ile ya zamani.

Umeniuliza pia kuhusu programu ya mikopo ambayo rafiki yako wa kazini anaisifia. Sitaki. Inataka ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, na ukichelewa siku mbili mimi ndiye nitakayepigiwa na kutukanwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Ukikwama niambie mimi, riba yangu ni kelele tu.

Kuhusu kopi, kuanzia sasa ukitoa ya kitambulisho, andika juu yake kwa kalamu, katikati kabisa, imetolewa kwa nani, kwa kazi gani, tarehe gani. Dalali atanuna. Mwache anune. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, una haki ya kumuuliza anaitakia nini na ataiweka wapi, ingawa najua ukiwa unatafuta chumba na wenzako wanne wako mlangoni, haki hiyo huitumii.

Simu yako ya zamani sijaiuza. Fundi wa jirani ameniulizia mara mbili, anatoa elfu hamsini, lakini picha zako zimo na akaunti zako zimo. Ipo kwenye soksi, rafu ya juu. Ukija uifute mwenyewe.

Na ubadilishe namba yako ya siri, maana kwa yeyote aliyeiona NIDA yako, mwaka wa kuzaliwa ndio wa kwanza kujaribu. Yangu nimeibadilisha juzi usiku, baada ya kusoma ujumbe wako. Tangu nilipofungua kibanda ilikuwa mwaka niliokuzaa. Mpya sikwambii.

Mama yako